Umeamkaje Jumanne?

Hotuba kwa wanachama wa klabu za jogging waliovuka miaka 50, Temeke, Dar es Salaam. Imeandikwa kutokana na maelezo ya mzungumzaji mwenyewe, mtaalamu mstaafu wa fiziotherapia, pamoja na baadhi ya maswali ya ukumbini.

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa klabu mliofika, wazee wenzangu, na vijana wachache mliokuja kutusindikiza. Kusalimiana humu leo ni kazi, maana kila ninayetaka kumpa shikamoo naye ananiwahi kunipa yeye. Tufanye tumeshaamkiana wote, marahaba kwa kila mtu, tuanze.

Katibu aliponipigia simu aliniambia hivi: "Mama, basi la kwenda Kilimanjaro Marathon kule Moshi limeanza kujaa. Watu wanaokimbia kilomita kumi wamejiandikisha ishirini na moja, wengine arobaini na mbili. Njoo uwaambie kama inafaa." Nikamjibu kwamba kumwambia mtu mzima kinachomfaa ni kutafuta ugomvi, na tena miili yenu siijui mmoja mmoja. Ila nimekaa miaka mingi kwenye chumba ambacho wakimbiaji huletwa baada ya mashindano, wakitembea kwa kushikilia ukuta. Kuna swali nimekuwa nikiwauliza wote. Nitalifikia.

Kwanza afya, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima, hata aliyevuka 65, anahitaji kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Linaongeza mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku 2, na kwa waliofika 65, mazoezi ya kujisawazisha ili wasianguke, siku 3. Haya, piga hesabu yako. Ukikimbia kilomita 5 katikati ya wiki mara mbili, na 10 Jumapili, kwa mwendo wetu wa dakika 8 kwa kilomita, umeshakimbia dakika 160. Umelipa deni lote la dakika na chenji imebaki. Hakuna daktari atakayekuandikia kilomita 42 kwa ajili ya presha. Kwa hiyo anayetuambia anakwenda Arobaini na Mbili kwa sababu ya sukari, anatudanganya. Anakwenda kwa sababu anataka.

Na kutaka ni sababu tosha. Umestaafu una miaka 60, watoto wameondoka, wajukuu wanakuja likizo tu, na simu ikilia ni kikao cha harusi au mchango wa msiba. Ukipata kitu kimoja katika wiki ambacho ni chako peke yako, ukataka kirefuke, mimi sikushangai hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba sababu iwe ile yenyewe. Anayejiambia anakimbia kwa ajili ya afya, akiumia huendelea kukimbia huku anachechemea, akidhani anajitibu. Anayejua kwamba anakimbia kwa kupenda, akiumia anapumzika, kwa sababu anataka kupenda tena mwakani.

Sasa tuhesabu saa, tuache kilomita. Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo, Septemba 2025, alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03. Mimi nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini mwendo wetu wa dakika 8 unatuambia nini? Kilomita 10 ni saa 1 na dakika 20. Kilomita 21 ni kama saa 2 na dakika 50. Kilomita 42 ni saa 5 na dakika 38, na hapo nimemkadiria mtu ambaye mwendo wake haupungui hata mwishoni, na mtu huyo mimi sijawahi kukutana naye. Kwa hatua 160 kwa dakika, hizo ni hatua zaidi ya 50,000. Simbu na wewe mnaambiwa mmekimbia umbali mmoja, lakini wewe umekaa barabarani zaidi ya mara mbili na nusu ya muda wake. Umeanza jua linachomoza, unamaliza liko utosini. Chakula chako, maji yako, soksi zako, kibofu chako, vyote vinaingia kwenye mtihani ambao yeye hakuufanya.

Ndiyo maana nasema kutoka 10 kwenda 21 ni kusogea, na kutoka 21 kwenda 42 ni kuhamia mji mwingine. Kwenye 21, mtu mwenye uzoefu wa kumi anaweza kumaliza kwa akiba aliyonayo mwilini na vikombe vichache vya maji. Ukivuka saa tatu hivi, ile sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inakwisha, na mtu anayesema "mimi asubuhi chai ya rangi inanitosha" anagundua kwamba haimtoshi.

Halafu kuna Moshi yenyewe. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003. Inaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, mahali ambapo tayari uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari. Wa 42 wanatoka kwanza kwa barabara ya Dar es Salaam, wanarudi mjini, kisha ndipo wanapandishwa kuelekea Mweka, wakati miguu imeshachoka. Wa 21 nao wanapanda upande huo huo wa Mweka na kuteremka. Sisi wa Temeke mlima wetu mkubwa ni daraja. Tunaogopa kupanda, na watu wote wanaorudi kutoka kule wanakusimulia kupanda. Mimi naogopa kuteremka.

Nieleze. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja na kukusukuma. Pumzi inaisha, unatembea kidogo, basi. Unapoteremka, msuli ule ule unafanya kazi ya breki: unavutwa huku umekaza, hatua baada ya hatua, kilomita baada ya kilomita. Hapo ndipo nyuzi za misuli zinapochanika, kidogo kidogo, bila wewe kusikia kitu. Unafika uwanjani unacheka, unapiga picha na medali. Jumapili usiku unalala vizuri tu. Maumivu ya namna hiyo huchukua saa 24 hadi 72 kufika kileleni. Jumapili, Jumatatu, Jumanne.

Basi swali ninalowauliza ni hilo: umeamkaje Jumanne?

Sikuulizi ulimalizaje Jumapili. Jumapili kuna ngoma, kuna nyimbo za jogging, kuna fulana mpya, kuna shemeji yako anakutazama. Jumapili hata mgonjwa anakimbia. Jumanne asubuhi uko peke yako na mwili wako. Hatua kumi za kwanza kutoka kitandani kwenda msalani: unakanyaga kisigino, au unatembelea vidole kwa sababu kano ya kisigino imekaza? Ngazi za kushuka: unashuka uso mbele, au kiubavu ubavu? Wenye choo cha kuchuchumaa nyumbani mna kipimo bora kuliko changu hospitalini: umechuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta? Mnaoswali, sijda inasemaje? Mnaokwenda kanisani, mkipiga magoti mnainuka wenyewe au mnavutwa na aliye jirani? Na kabla hujaamka kabisa, shika mkono, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Zoea kujua namba yako ya kawaida. Ikiwa Jumanne bado imepanda juu ya kawaida, mwili unakuambia haujamaliza kazi ya Jumapili.

Matumizi yake ni rahisi. Jumapili moja umeongeza umbali, kutoka 10 hadi 12. Jumanne ukiweza kukimbia nusu saa ya taratibu bila kuchechemea, umeruhusiwa kufikiria 14. Ukishindwa, Jumapili inayofuata unarudia 12, au unarudi 10. Jumanne mbili mbaya mfululizo, unapunguza na unakuja kuonwa. Na msiongeze kila wiki. Vijana huongeza kila wiki kwa sababu wao Jumanne yao inakuja Jumatatu. Sisi tuweke mbio ndefu kila baada ya wiki mbili, na Jumapili ya katikati iwe ya kawaida.

(Sauti kutoka nyuma: "Ng'ombe hazeeki maini, mama!")

Maini sawa, kaka yangu, hayazeeki. Kano ya kisigino je? (Kicheko.) Hapa ametusaidia, maana ndipo watu wetu wengi wanapovunjikia. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki sita hivi za mazoezi utaona kilima kilichokuwa kinakukata pumzi sasa unakipanda unaongea. Unajiona umerudi JKT. Lakini kano na mifupa hazina damu nyingi kama misuli na hujijenga kwa miezi, na kadiri umri unavyokwenda ndivyo zinavyochelewa zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi pumzi inasema twende na kano inasema bado. Anayeisikiliza pumzi peke yake huja kwangu. Akina mama wenzangu, baada ya hedhi kukoma mifupa yetu hupungua uzito kwa kasi kuliko ya wanaume. Kukimbia kwa kiasi kunaisaidia. Kuongeza ghafla kunaweza kuitia ufa.

Magoti. Najua wengi mmekatazwa na wake zenu, waume zenu, mama wakwe na madereva wa bodaboda: "Utamaliza magoti." Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianza mwaka 1984 kuwafuatilia wakimbiaji wa klabu zaidi ya 500 waliovuka miaka 50, pamoja na watu wa rika hilo wasiokimbia. Baada ya miaka 19, kati ya wakimbiaji waliokuwa wamekufa ni asilimia 15. Kwa wenzao, asilimia 34. Wakimbiaji walichelewa sana kufikia hali ya kushindwa kuvaa, kuinuka, kutembea. Na wale waliopigwa picha za magoti hawakuonekana kuwa na magoti yaliyolika zaidi. Mwenye akili atasema, labda waliochagua kukimbia walikuwa na afya nzuri tangu mwanzo. Ni kweli, hilo lipo. Hata hivyo, hadithi ya kwamba kukimbia kunasaga goti zima haina miguu. Goti ambalo tayari limevimba, linakwama au linakuachia ukiwa njiani, hilo ni jambo lingine. Hilo halijiandikishi 21, linakwenda kupimwa.

Nije kwenye moyo, na hapa wanaume naomba simu ziwekwe chini. Nchini Marekani walihesabu wakimbiaji karibu milioni 11 wa marathoni na nusu marathoni kati ya 2000 na 2010. Mioyo iliyosimama ni 59, yaani mmoja katika kila watu 184,000 hivi. Ni wachache sana. Lakini marathoni kamili ilikuwa na kiwango karibu mara nne ya nusu marathoni, na wengi wao walikuwa wanaume. Kati ya hao 59, waliofariki ni 42, na waliopona wengi walipona kwa sababu mtu aliyekuwa karibu alianza kuwabana kifua papo hapo. Mwenyekiti, hilo ni lako: basi lisiondoke Temeke bila watu wawili waliofundishwa kubana kifua.

Kifua kikikubana ukikimbia na kuachia ukisimama, ukizimia au kukaribia kuzimia, pumzi ikikatika kwenye kilima ambacho mwezi jana ulikipanda bila shida, moyo ukienda mbio ovyo ovyo umekaa: hapo usiniulize mimi, wala usimuulize kocha. Nenda ukapimwe. Hapa Dar es Salaam tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Nendeni mkiwa mnatembea kwa miguu yenu.

Na dawa. Hili nalisema taratibu kwa sababu nalijua chumba hiki: nusu yenu mnameza kitu asubuhi. Mwenye presha anayetumia atenololi au propranololi, saa yako ya mkononi inayohesabu mapigo itakudanganya, kwa sababu dawa inazuia moyo usipande. Ile kanuni ya kukadiria mapigo ya juu ya moyo, 220 utoe umri, kwako haifanyi kazi. Tumia mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima, uko sawa. Anayetumia dawa za kukojoza anapoteza maji na chumvi hata kabla hajatoka jasho. Mwenye sukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, sukari inaweza kuporomoka kilomita ya 15, au usiku wake umelala. Asiache dawa ili akimbie. Aende kwa daktari wake aseme, "Nataka kukaa njiani saa tatu, tufanyeje?" Daktari akicheka, ngoja amalize kucheka, umuulize tena.

Zile diklofenaki mnazomeza kabla ya mbio ndizo sitaki kabisa kuziona. Figo ikiwa haina maji ya kutosha, jua kali, umri mkubwa, na juu yake dawa ya maumivu ya aina hiyo, unaichezea figo yako. Na pia umeizima sauti ya Jumanne, ambayo ndiyo tuliyokubaliana kuisikiliza.

Maji nayo, mnywe kiu inapowaambia. Ni kweli kwamba kiu hupungua mtu akizeeka, kwa hiyo msisubiri koo likauke. Lakini wapo wanaokosea upande wa pili. Boston mwaka 2002 walipimwa wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 chumvi ya damu ilikuwa imeshuka chini ya kiwango, hasa waliokunywa mpaka uzito ukaongezeka. Sisi wa saa tano na nusu tunapita meza nyingi za maji, kila meza kuna binti mwenye tabasamu, na kukataa ni vigumu.

Viatu kwa kifupi: raba ya mtumba si dhambi, nyingi zimetoka soko la Karume na zimekimbia vizuri. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa haibonyei, imekufa, hata kama juu inang'aa.

Sasa inukeni kidogo. Sukumeni viti vya plastiki vigusane na ukuta visije vikateleza. Kaeni katikati ya kiti, mikono msalaba kifuani. Katibu akisema twende, inuka usimame wima, kaa, inuka, kwa sekunde 30. Hesabu mara unazosimama. Katibu, tushikie saa.

(Ukumbi unafanya.)

Baba mwenye fulana ya njano, umejisukuma kwa mkono, hiyo haihesabiki. Mama wa dera, wewe umepata ngapi? Kumi na tisa! Mpigieni makofi. Kipimo hiki hutumiwa kwa wazee na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, mwanamke akipata chini ya 12, na mwanamume chini ya 14, yuko chini ya wastani na yuko hatarini kuanguka. Sikilizeni vizuri: hicho ni kiwango cha mtu asianguke jikoni kwake. Anayetaka kuteremka kutoka Mweka anatakiwa akipite kwa mbali. Aliyepata 12 leo, kazi yake hadi Desemba ni kiti hicho na ngazi, mara mbili kwa wiki, kabla ya kuongeza kilomita hata moja.

Kuna jambo akina mama hawalisemi mbele za watu, basi nitalisema mimi, wanaume mvumilie. Kuna wenzetu wanakwenda msalani mara tatu kabla ya kuanza, wanavaa nguo nyeusi tu, hawanywi maji asubuhi, kwa sababu mkojo unawaponyoka wakikimbia. Wengi walizaa watoto wanne, watano. Ni jambo la kawaida kabisa na lina matibabu: misuli ile ya chini hufundishwa kama msuli wa paja unavyofundishwa. Usiamue kubaki kwenye 5 kwa sababu hiyo peke yake, na usiende 21 bila kunywa maji kwa sababu hiyo. Njoo tuzungumze, nje, chini ya mwembe.

Sasa nataka kusema kitu ambacho kitawaudhi wengine. Sisi tumelelewa na hadithi ya mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari. Mexico City, marathoni ya Olimpiki ya 1968, aliumia goti njiani, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake kwamba nchi haikumtuma kuanza mbio bali kumaliza limesomwa mashuleni, limesemwa kwenye mikutano ya vijiji, limetumiwa na kila kocha. Mimi mwenyewe nikiliwaza nywele zinasimama. Lakini Akhwari alikuwa na miaka 30. Alikuwa ametumwa. Wewe, mzee mwenzangu, hujatumwa na mtu. Fulana ya klabu si bendera ya taifa. Ukifika kilomita 28 goti limevimba, ukapanda bajaji, Jamhuri itaendelea kusimama. Nimewaona wanaume waliomaliza kwa jina la Akhwari na hawakukimbia tena, na ningependa kuwaona humu ukumbini leo kuliko kusikia walivyomaliza.

Wapo wengine mnaotumiwa kwenye simu. Fauja Singh, mzee Mhindi wa Uingereza, aliyeanza marathoni London mwaka 2000 akiwa na miaka 89, na mwaka 2011 akamaliza marathoni ya Toronto akiwa na 100 kwa mujibu wa pasipoti. Guinness walimkatalia rekodi kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, na hapo naona wengi mnatikisa vichwa, vyeti vyetu sisi ni viapo vya mahakamani. Huyo alitumia zaidi ya saa 8, na alitembea sehemu kubwa bila aibu. Ed Whitlock wa Kanada, miaka 73, alikimbia saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mazoezi yake alifanya kwa kuzunguka makaburini, jirani na kwake, saa nyingi kwa siku. Nani humu atazunguka makaburi ya Kinondoni saa tatu kila siku? Basi tumheshimu tumwache.

Mimi maoni yangu ni haya. Anayekimbia 10 vizuri leo, mwenye Jumanne nzuri, kiti kizuri, na daktari anayejua dawa zake, anaweza kwenda kilomita 21 za Moshi mwezi Februari. Tuna kama miezi mitano, inatosha. Afanye Jumapili kadhaa Pugu na Kisarawe, kwenye vilima, na azoee kuteremka polepole kwa hatua fupi. Atembee dakika moja kila baada ya dakika nne au tano tangu mwanzo, kabla hajachoka. Anayekimbia 10 leo asikimbie 42 Februari hii. Hilo nalisema bila kuzunguka, hata kama ameshalipa. Akimbie 21 mara mbili, tatu, katika misimu tofauti, ndipo tuongee.

Na wapo ambao ningewashauri wabaki kwenye 10 na kuifanya iwe nzuri. Mtu wa 64 akitoka dakika 80 kwenda dakika 72, amefanya kazi kubwa kuliko aliyejikokota saa sita, na Jumatatu anakwenda shambani. Kwenye mashindano yetu 10 inaonekana ni ya kujifurahisha, waandaaji wanaitangaza mwisho, medali zake wakati mwingine hazitoshi. Viongozi, lirekebisheni hilo. Watu wanajisukuma kwenda 42 kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi.

Maswali mawili, maana naona chai imefika.

(Swali, mwanamume: "Mwanangu yuko Ujerumani, amenilipia 42 kama zawadi ya kustaafu. Nimwambieje?")

Mwambie asante, kwanza. Halafu mwambie zawadi yenyewe ni yeye kuja mkimbie 21 pamoja. Akisema hana likizo, basi utajua ni nani alitaka 42.

(Swali, mwanamke: "Mama, nina miaka 67. Kumi nakimbia miaka mingi, presha natumia dawa, magoti yananiuma kidogo nikishuka ngazi. Natamani 21 kabla sijafa. Niende?")

Dada yangu, hebu tuanze na magoti. Yanauma ukishuka, hayaumi ukipanda wala ukitembea? Na yakiuma, siku ya pili yametulia? Hayajawahi kuvimba? Vizuri. Hayo mara nyingi ni mapaja dhaifu. Umepata ngapi kwenye kiti? Tisa. Haya, hapo ndipo kazi ilipo. Kuanzia kesho kaa na kuinuka, seti tatu za nane, mara mbili kwa wiki, ukizoea beba ndoo ndogo ya maji. Dawa yako ni ipi? Amlodipini, sawa, lakini peleka kadi kwa daktari, apime presha, akupime na umeme wa moyo. Usiongeze umbali mwezi huu. Mwisho wa Novemba tunakutana hapa, tunahesabu kiti tena. Ukifika 13, tunaanza 12 za Jumapili, na Jumanne yake saa mbili asubuhi unanipigia simu kabla hujanywa chai. Katibu, muandike kwa penseli.